Ridhaa ya Bibi Esnath

Sura ya Nne

Mti ulikuwa bado umelala pale ulipoangukia. Shina lilikuwa limepita juu ya kaburi la mzee Ackson na kuipasua saruji yake katikati, likabomoa ukuta wa jiko, na matawi yakaishia mlangoni. Ndani, sufuria ya maharage ilikuwa imebonyea. Maharage yalikuwa yamechanganyika na majivu na maji ya mvua. Pembeni palikuwa na kandambili moja ya bluu.

"Ya pili walienda nayo hospitali," alisema Tulia, jirani aliyesikia kishindo akaja mbio. "Ilikuwa bado mguuni. Na mguu wenyewe madaktari wameukata, afande. Hapa, chini ya goti."

Akajishika mguu wake kuonyesha.

Koplo Suad alikuwa ameisikia habari hiyo kituoni, na aliiandika vizuri tu. Sasa aliandika neno "jiko", akalikata, akaliandika tena.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kueleza. Bibi Esnath, mjane wa kijiji cha Nkunga, alikuwa na misindano, miti ya mbao, nyuma ya nyumba, iliyopandwa na mumewe, mzee Ackson, enzi za uhai wake. Salimu, mfanyabiashara wa mbao wa Ibighi asiyejua Kinyakyusa, alisema ameinunua yote. Nusu ilikuwa imeshakatwa, na wa mwisho kukatwa ndio ulioangukia jiko, bibi akiwa ndani anapika. Inspekta Prosper, bosi wake Suad, alimpa mpaka jioni. "Kama mama aliuza, hiyo ni ajali na madai, wakadaiane mahakamani," alimwambia. "Kama hakuuza, nataka mtu ndani. Usiniletee mambo ya katikati."

Misindano iliyobaki ilikuwa imelizunguka kaburi. Kama mkataba ulikuwepo, Salimu alikuwa na haki ya kuikata hata leo.

"Nani alishika mashine?" Suad aliuliza.

"Ni mimi." Anyitike, mkata miti, alivua kofia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Afande, niliambiwa nyumba haina mtu. Niliambiwa bibi amehamia mjini kwa mjukuu wake. Moshi sikuuona, ukungu ulikuwa mzito."

"Uliambiwa na nani?"

Anyitike alimtazama tajiri wake.

"Nilimwambia mimi," alisema Salimu. Alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kufumwa na shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na tangu afike hakuwa amelikaribia lile jiko. "Na mimi niliambiwa na huyu binti."

Binti alikuwa Elina, mjukuu aliyelelewa na Bibi Esnath tangu mama yake alipofariki. Alisoma sheria chuoni Mbeya. Alikuwa ameketi juu ya gogo, mabegani amejifunika kanga ya bibi yake, macho yamevimba kwa kulia.

"Nilisema atahamia, mzee Salimu. Sikusema amehamia."

"Nimesikia kwa masikio yangu, mwanangu."

"Umesikia vibaya. Mtu akiwa na haraka ya mbao anasikia anachotaka."

Suad aliandika maneno yote mawili, atahamia na amehamia, akapiga mstari chini yake. Tofauti ya silabi moja, na mtu amepoteza mguu.

"Huo mkataba uko wapi?"

"Karatasi hakuna, afande. Mama hajui kusoma. Na dole gumba nalo, watu hulikana baadaye. Nikarekodi sauti." Salimu alitoa simu mfukoni.

Suad alifanya kama alivyofundishwa. Aliwaomba Tulia na Anyitike wasogee mpaka barabarani, kwa sababu shahidi mmoja hasikilizi ushahidi wa mwingine kabla hajatoa wake. Walipokwisha kufika mbali, kwenye migomba, Salimu aliiweka simu juu ya kisiki kibichi na kubonyeza.

Sauti yake mwenyewe ilitangulia. "Mama, nataka kununua misindano yako yote ya nyuma ya nyumba. Nitakata mwenyewe, nitasomba mwenyewe. Je, umekubali kuniuzia?"

Ikafuata sauti ya Elina, kwa Kinyakyusa. Kuku akalia mahali. Kisha sauti ya mwanamke mzee, ya upole, isiyo na haraka.

"Mmh. Ndaga fijo."

Na Elina tena, kwa Kiswahili: "Anasema amekubali, miti yote, na anakushukuru sana kwa kumfuata kwa heshima."

Suad alikuwa mtu wa Pangani. Tangu ahamishiwe Tukuyu alikuwa ameshajua kwamba ndaga fijo ni asante sana, maana sokoni aliambiwa hivyo kila siku. Hata hivyo alirudisha, akasikiliza tena.

"Bibi kaongea kidogo. Wewe umetafsiri kirefu."

"Ndivyo lugha yetu ilivyo, afande. Neno moja limebeba mzigo."

"Wewe ni mwanasheria."

"Bado. Nasoma."

"Haya, wewe unayesoma, niambie. Huu ni mkataba?"

Elina alikaa sawa. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya wenzake. "Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza mimi ndiye ninayewafundisha hii mada. Lazima mmoja atoe pendekezo. Mwenzake akubali, na kukubali kwenyewe kuwe wazi, kusiwe na lakini. Pawe na malipo. Wote wawe watu wazima wenye akili zao timamu. Ridhaa iwe huru, mtu asitishwe wala asidanganywe. Na wakubaliane kitu kile kile kwa maana ile ile. Miti ya kukata si ardhi, ni bidhaa, haihitaji karatasi. Mkataba wa mdomo ni mkataba, afande."

"Malipo alipokea nani?"

"Mimi, kwa niaba yake."

"Kwa hiyo unasema bibi yako aliuza."

"Inaniuma kusema, lakini aliuza. Kosa la mzee Salimu ni uzembe wa kukata bila kuangalia. Mkataba wenyewe upo."

Salimu alimgeukia. "Sasa mwanangu, hapo unanitetea au unanifunga?"

"Nasema sheria, mzee."

* * *

Sajenti Nsajigwa, ambaye kituoni ndiye aliyekuwa akitafsiri maelezo ya wazee, siku hiyo alikuwa na kesi mahakamani Mbeya. Suad akaona asipoteze muda. Aliingia na Elina wodini, hospitali ya Makandana. Salimu alibaki kwenye benchi la nje, amepakata chupa ya supu aliyopikiwa na mkewe, Mwanaharusi, amletee mgonjwa.

Bibi Esnath alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Blanketi lilikuwa limeinuka juu ya mguu wa kulia mpaka mwisho wa kitanda. Upande wa kushoto liliinuka mpaka gotini, baada ya hapo likalala bapa. Suad aliangalia mara moja, akaangalia dirishani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Kiswahili chake karibu chote kilikuwa hicho.

"Muulize kama aliuza miti," Suad alimwambia Elina.

Elina aliinama na kusema naye taratibu. Bibi alijibu maneno mengi. Huku akisema, mkono wake ulitoka kifuani, ukateremka pajani, ukafika gotini, ukaendelea kidogo na kukuta shuka tupu. Ukarudi. Akafumba macho.

"Anasema aliuza," alisema Elina. "Ila hakujua kama wangeanzia upande wa kaburi. Anasema amewasamehe."

"Sikumsikia akimtaja Salimu."

"Humwita mtu wa mbao."

Suad aliandika. Lakini ule mkono ulimsumbua. Mtu anayezungumza habari za miti iliyoko Nkunga, mkono wake unatafuta nini gotini?

Alikuwa anataka kuuliza tena alipoingia muuguzi, mama mnene mchangamfu ambaye wagonjwa wote walimwita Sista Jenifer. Alikuwa na kikombe cha uji. Alimsemesha bibi kwa Kinyakyusa, kwa utani, kama anayembembeleza mama yake mwenyewe.

Bibi alifumbua macho. Kwa sauti ile ile iliyotoka kwenye simu juu ya kisiki, ya upole, isiyo na haraka, akasema, "Mma. Ndaga fijo."

Na Sista Jenifer akaondoka na kikombe.

Kalamu ya Suad ilisimama. Alikitazama kile kikombe kikienda, kikapita kitanda cha pili, kikafika kwa mgonjwa mwingine, kikapokelewa.

"Kaa na bibi," alimwambia Elina. "Narudi."

Alimkuta Sista Jenifer koridoni akifuta mikono.

"Sista, mbona umeuondoa ule uji?"

"Hautaki."

"Amekuambia hautaki?"

"Si ulikuwepo, afande? Mma, ndaga fijo. Hapana, asante sana." Alimpima Suad kwa macho. "Kwani wewe mtu wa wapi?"

"Pwani. Hebu sema tena lile la kwanza."

"Mma."

"Siyo mmh?"

"Mmh ni ya kwenu huko, mnakubali kwa pua. Hapa kwetu ukisema mma umekataa. Na ukiongeza ndaga ni adabu tu, umekataa kwa heshima."

Suad alikwenda kuichukua simu kwa Salimu, akarudi nayo. "Sitakuambia hiki ni nini. Sikiliza, kisha unieleze bibi ameulizwa nini na amejibu nini. Usiongeze, usipunguze."

Sista Jenifer alisikiliza huku akitabasamu. Katikati tabasamu likaondoka.

"Rudisha."

Suad alirudisha.

"Binti amemuuliza vizuri kabisa," alisema yule muuguzi polepole. "Amemwambia, huyu baba anataka kununua misindano ya babu, yote, je utamuuzia? Na bibi amesema hapana, asante sana. Halafu huyu binti..." Akashika mdomo. "Afande, huyu anayesema amekubali, si ndiye aliye mle ndani? Anayemlisha? Anayelala sakafuni chini ya kitanda chake?"

"Ndiye."

Sista Jenifer aliegemea ukuta.

Kwenye benchi, hatua chache tu kutoka pale, Salimu alikuwa ameinuka. Chupa ya supu ilikuwa bado mkononi.

"Alikataa," alisema. Hakuwa anauliza. "Mama alinikatalia, na mimi nikamwambia Mungu akubariki, mama. Alinitazama tu. Nikadhani ni haya za kike." Akakaa tena, ghafla. "Nimekata miti ya mtu aliyenikatalia uso kwa uso."

* * *

Elina alimwona Suad akiingia na muuguzi nyuma yake, akaiacha shuka aliyokuwa akiinyoosha.

"Mma ni nini?" Suad aliuliza.

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka kidogo kwa swali hilo, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Afande, wewe humjui bibi," alisema Elina. "Bibi anakataa kila kitu kwanza. Mpe chai, anakataa. Mpe kiti, anakataa. Unamwacha kidogo, unamrudishia, anapokea. Hata huo uji, Sista akirudi nao baadaye utaona. Ndivyo walivyolelewa."

"Na miti ulirudi kumuuliza?"

Elina alirudi kuinyoosha shuka.

"Elina. Ulirudi kumuuliza mara ya pili?"

"Sikurudi."

"Hao wadogo zako wa mwaka wa kwanza unawaambia nini? Mtu akikataa pendekezo, linakuwaje?"

"Linakufa."

"Na akikaa kimya baada ya hapo?"

"Kunyamaza si kukubali." Sauti yake ilikuwa ndogo sasa, lakini jibu lilitoka lenyewe, kama linalosomwa ubaoni.

"Malipo yako wapi?"

"Nimelipia chuo. Walikuwa wananizuia kufanya mtihani. Ningemwambia bibi baadaye, nikishapata kazi, ningempandia mingine."

"Ulisema atahamia au amehamia?"

Elina aliangalia sakafu. "Amehamia. Nilitaka wakate asipokuwepo. Asubuhi hiyo nilimpigia simu Tulia amchukue bibi akashinde kwake, asimwache arudi mpaka nifike. Akamchukua. Bibi alikumbuka ameacha maharage jikoni. Akatoroka kuja kuyaangalia."

Suad alikuwa amehoji wezi, na watu waliopigana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba, na hakukumbuka siku aliyowahi kukosa swali la kufuata. Alisimama na kalamu yake mbele ya msichana aliyekuwa, dakika chache zilizopita, akimpangusa bibi yake jasho.

"Na hapa kitandani, nilipokuambia umuulize kuhusu miti. Ulimuuliza nini?"

"Kama mguu unamuuma."

Sista Jenifer aliketi kwenye kitanda kisicho na mgonjwa, jambo ambalo wauguzi hawaruhusiwi kulifanya.

"Sasa mwambie mwenyewe," alisema Suad. "Kwa lugha yenu. Sista atakuwa anasikia. Ukipindisha neno, nitajua."

Elina alipiga magoti kando ya kitanda na kusema. Alisema muda mrefu. Suad alimwangalia muuguzi, na muuguzi akawa anatikisa kichwa kuthibitisha kwamba ndivyo, ndivyo, na baadaye akaacha kutikisa, akawa anafuta macho tu. Bibi Esnath alisikiliza akiangalia darini. Aliuliza swali moja. Elina alijibu. Kisha bibi akashika ukingo wa kitanda, akataka kuketi, na ikabidi wamwinue wawili.

Hakumtazama mjukuu wake. Alimtazama Suad, mtu wa serikali, akamwambia jambo kwa sauti ya nguvu ambayo hakuna aliyemdhania kuwa nayo, akigonga godoro kwa kidole.

"Anasemaje?"

Sista Jenifer alifuta macho tena. "Anasema aliuza."

"Nini?"

"Anasema uandike. Mimi Esnath nilikubali. Miti yote, na ile ya kaburini. Kama zamani sikukubali, basi leo nimekubali, kwa mdomo wangu, mbele ya askari. Anasema mtoto asipelekwe popote."

Wakati huo Salimu alikuwa amefika mlangoni. Bibi alimwona, akamnyooshea mkono na kumwambia hayo hayo, sasa kwa upole.

"Anakuambia, baba, miti ni yako," alitafsiri Sista Jenifer. "Uende ukaichukue."

Salimu alimgeukia Suad. "Afande, nikisema sawa, jalada linafungwa?"

"Linafungwa. Inakuwa ajali. Inspekta atafurahi."

"Na mimi narudi Nkunga na mashine."

"Ukitaka, hata leo."

"Na huyu binti anaenda kufanya mtihani wake."

"Ndiyo."

Elina alikuwa ameinua uso. Alimtazama mzee Salimu kama mtu anavyomtazama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji.

Salimu aliweka chupa ya supu juu ya meza ya mgonjwa, akaisukuma isidondoke. Aliangalia pale blanketi lilipolala bapa, na safari hii hakuondoa macho.

"Siwezi," alisema. "Mama huyu leo hauzi miti. Ananunua mjukuu wake, na anataka niwe ndiye muuzaji. Hiyo ndiyo mnaita ridhaa huru? Nikipokea, nimeuingiza mguu wake kwenye bei." Alizungumza polepole, ameinamisha uso, kama aongeavyo mtu msibani. "Mwanangu Elina, sikuombei mabaya. Lakini mimi nami ni mtu uliyenidanganya, na nimeumiza mtu kwa neno lako. Afande, andika malalamiko yangu. Na kosa langu la kukata bila kubisha hodi kwenye nyumba ya watu, liandike pia. Nitalijibu."

Elina hakulia. Alivua kanga ya bibi yake mabegani, akaikunja, akaiweka miguuni pa kitanda, halafu akagundua ameiweka wapi, akaihamishia kwenye mto.

Suad alifungua ukurasa mpya. Aliandika: kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu.

Bibi Esnath hakuwa amefahamu hata neno moja. Alichokiona ni mwanamume aliyesema kwa upole, ameinamisha uso mbele ya mgonjwa, ameleta supu. Akaona askari anaandika, kama alivyomwagiza. Uso wake ukalegea. Alinyoosha mikono yote miwili kumwelekea Salimu, ikabidi Salimu asogee na kumpa wa kwake, na bibi akaushika na kuutikisa, kama watu wanavyofanya mnadani wakishaelewana. Kisha akamgeukia Elina, akampapasa kichwa, akamwambia jambo fupi, kama anayemtuliza.

Suad alimtazama Sista Jenifer. Sista Jenifer aliangalia dirishani, kwenye mvua.

Elina alifungua mdomo ili aseme, akatazama daftari la Suad, akaufunga. Mkono wa Salimu ulibaki mikononi mwa bibi, na hakuna aliyemtafsiria bibi maneno ya Salimu.